Nani Mwenye Mashine

Ndani ya mfumo endeshi wa NetBSD kuna programu ndogo inayoitwa dm. Kazi yake ni moja tu: kuamua nani aruhusiwe kucheza michezo, na saa ngapi. Msimamizi wa kompyuta huandika masharti yake katika faili liitwalo dm.conf. Anaweza kuandika kwamba Jumatatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, hakuna kucheza. Anaweza kuitaja skrini fulani na kusema hiyo ni ya kazi tu. Anaweza kuagiza mchezo fulani usianze ikiwa watu waliomo kwenye mashine wamezidi kumi. Na akichoka kabisa na wachezaji, anaunda faili liitwalo nogames. Likiwepo hilo, dm humsomea mchezaji kilichoandikwa humo, kisha humfungia mlango.

Nilikutana na dm nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Nilikuwa na laptopu ya zamani ya biti 32, ya aina ambayo mifumo mingi mikubwa imeshaikataa, na nilitaka niigeuze kuwa seva ya mchezo wa maandishi kwa ajili ya kikundi chetu cha wasomaji hapa Tanga. Watu saba, riwaya moja kwa mwezi, chai na kashata. Windows za leo hazitaki hata kuiona mashine kama hiyo. NetBSD bado inaipokea; watu wake wana msemo wa kujitapa kwamba mashine yoyote utakayoitaja, bila shaka inaendesha NetBSD. Mfumo huu ulitoka mara ya kwanza Aprili 1993, ukiwa umechipuka kutoka kazi ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, kupitia 386BSD ya William na Lynne Jolitz, mume na mke. Katika watu ninaowajua mimi hapa mjini, hakuna mwingine anayeutumia.

Unapousakinisha unaulizwa unataka mafungu gani: la msingi, la maelezo, la vifaa vya kutengenezea programu, na fungu moja linaitwa games. Kitabu cha maelezo cha mfumo nacho kimegawanywa hivyo hivyo. Sehemu ya tano inaeleza mafaili, ya sita ni michezo, bila kuona haya. Kwa hiyo waliounda mfumo walijua watu watacheza. Walichobishana ni ruhusa. Programu ya dm iliandikwa miaka ya 1980, wakati mashine moja ya chuo ilikuwa na watumiaji wengi waliokaa kwenye skrini zao, na kila dakika ya mchezaji ilikuwa dakika iliyopunguzwa kwa mtu mwenye kazi ya maana.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1969 Ken Thompson, mtafiti wa Bell Labs, aliandika mchezo wa kurusha chombo kati ya sayari, ukaitwa Space Travel. Kwenye kompyuta kubwa ya ofisi, kuucheza mara moja kuligharimu takriban dola 75 za muda wa mashine. Thompson akatafuta kompyuta nyingine, PDP-7, ambayo haikuwa na watu wengi wa kuigombania, na katika kuuhamishia mchezo huko yeye na Dennis Ritchie wakajikuta wakiandika vipande vya msingi ambavyo baadaye vilisaidia kuzaa Unix. Ritchie mwenyewe aliisimulia habari hiyo. Wapo wanaopenda kusema Unix ilizaliwa na mchezo. Mimi naona ilizaliwa na bili.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1978, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kuandika mchezo ambao watu kadhaa wangeingia kwa pamoja, kila mtu kwenye skrini yake, wote ndani ya nchi moja iliyojengwa kwa maneno. Aliuita MUD. Mwenzake Richard Bartle akaupokea na kuuendeleza. Ulikaa kwenye PDP-10 ya chuo, na wageni wa nje waliruhusiwa kuingia usiku, mashine ikiwa imepumzika na kazi za mchana. Ndiyo maana katika kumbukumbu za wachezaji wa kwanza usingizi haupo. Fasihi hii, na kwangu mimi ni fasihi, ilianza kama kitu cha usiku wa manane, kwa hisani ya mwenye mashine.

Hisani huisha. MUD ile ile ilipata nyumba ya kibiashara Marekani kwenye mtandao wa CompuServe kwa jina la British Legends, ikakaa miaka mingi, na mwisho wa mwaka 1999, wakati wa hofu ile ya kompyuta kushindwa kuhesabu mwaka 2000, ikazimwa. Watu waliokuwa wamepanda vyeo humo na kufahamiana humo hawakuulizwa. Mashine haikuwa yao.

Na sisi je? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Kwa hiyo kijana wa Essex alipokuwa akiomba saa za usiku, kijana wa rika lake Dar es Salaam hakuwa na mlango wa kubisha hodi. Silitaji hili kwa kulaumu. Nchi ilikuwa imetumia fedha nyingi kwa mashine ambazo hazikuwa zimeleta faida iliyotarajiwa. Nalitaja kwa sababu neno ruhusa lina ngazi nyingi, na dm ni ngazi ya chini kabisa.

Sasa, kwa nini nayaandika haya katika ukumbi wa watu wa vitabu? Kwa sababu ukiondoa umeme na nyaya, kilichomo ndani ya michezo hii ni aya. Unaingia mahali, mashine inakupa aya ya maelezo. Upo ukumbini. Kuna mlango wa mbao upande wa kaskazini. Kuna mtu ameketi. Unaandika amri, unapewa aya nyingine. Hakuna picha hata moja. Mtunzi akiwa mvivu, ulimwengu wake ni mbovu. Akiwa na jicho, unajikuta unavuta pumzi kabla ya kufungua mlango.

Na aya zilizo bora, nimegundua, mara nyingi zimeandikwa kutoka mahali pa kweli. Adventure, mzee wa michezo yote ya maandishi, uliandikwa na Will Crowther katikati ya miaka ya 1970. Crowther alikuwa mtengenezaji wa programu kule Massachusetts, na pia mtu wa mapango: yeye na mkewe Patricia walishiriki kupima na kuchora ramani za mapango ya Kentucky. Ndoa ilivunjika. Crowther akaandika mchezo ambao mabinti zake wangeweza kuucheza, na ndani yake akaweka pango aliloling'amua kwa miguu yake, na mashimo na vijia vyake. Don Woods wa Stanford aliuongezea mengi mwaka 1977. Jim Gillogly akauhamishia katika lugha ya C kwenye Unix, na toleo hilo ndilo lililomo hadi leo katika fungu la michezo la NetBSD. Niliposakinisha mfumo kwenye laptopu yangu, pango la Kentucky liliingia pamoja nao, na ndani yake mabaki ya nyumba iliyovunjika. Wapangaji kama hao huwatarajii.

Mchezo niliotaka kuuweka ni wa ukoo huo huo, ila wa kizazi cha baadaye. LambdaMOO ulifunguliwa na Pavel Curtis, mtafiti wa Xerox PARC huko California, kati ya mwaka 1990 na 1991, akijenga juu ya kazi ya Stephen White wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Curtis alihitaji mahali pa kuanzia, akachukua nyumba yake mwenyewe. Sebule, jiko, korido: aliziandika kama alivyoishi ndani yake. Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza hujikuta gizani, ndani ya kabati la makoti lenye mlango. Akifungua, yupo sebuleni kwa mtu.

Tofauti kubwa na MUD za mwanzo ni kwamba humo ndani kila mtu anaweza kuruhusiwa kujenga. Unachimba chumba kwa amri moja, unakielezea kwa amri nyingine, unatengeneza kiti, barua, kasuku anayerudia maneno. Vyote vinaingia katika hifadhidata moja. Kila kitu kina namba yake, na kila kitu kina mwenyewe.

Kuiweka seva hiyo kwenye NetBSD hakukunichosha kama nilivyoogopa. Programu imeandikwa kwa C ya zamani, na mkusanyaji wa siku hizi hununa sana akiisoma, lakini ukimbembeleza anakubali. Nikamtengenezea mchezo mtumiaji wake peke yake, asiye na mamlaka mengine kwenye mashine, na hati fupi ya kuuwasha mfumo unapoamka. Intaneti yangu ya nyumbani haina anwani inayofikika kutoka nje, kwa hiyo wenzangu wanaokaa mbali hupitia mashine ndogo ninayoikodi, iliyounganishwa na laptopu kwa njia iliyofungwa. Wanaokuja nyumbani hutumia Wi-Fi. Basi, hayo yanatosha.

Umeme ndio uliotaka akili. Seva ya LambdaMOO huuweka ulimwengu wote kwenye kumbukumbu ya muda, na kwa kawaida huandika nakala kwenye diski mara moja kwa saa. Umeme ukikatika dakika moja kabla ya nakala, saa nzima ya maandishi ya watu imepotea. Hapo laptopu kuukuu ikaishinda kompyuta ya mezani iliyo mpya: ina betri yake. Betri yenyewe imechoka, inashika dakika ishirini tu, ila dakika ishirini zinatosha kuandika nakala na kuzima kwa heshima.

Kilichonikalisha wiki nzima ni sarufi.

Mchezaji wa LambdaMOO akiandika amri, seva huikata vipande: kitendo, kitu kinachotendewa, kihusishi, na kitu cha pili. Weka, kitabu, juu ya, meza. Kwa Kiingereza mambo yanakwenda sawa. Sasa mpe mtu Kiswahili aone. Mswahili hasemi weka kitabu juu ya meza isipokuwa anasisitiza. Anasema weka kitabu mezani, na kihusishi kimeyeyuka na kuwa silabi moja mkiani. Anasema mpe Asha kitabu, na yule anayepewa tayari ameshatajwa ndani ya kitendo, kisha anatajwa tena, na hakuna neno lolote la kuwatenganisha Asha na kitabu. Seva inawaona Asha na kitabu kama kitu kimoja chenye jina refu, na inajibu kwamba kitu hicho hakipo.

Orodha ya vihusishi haimo kwenye hifadhidata ambapo mchezaji angeweza kuigusa. Imepachikwa ndani ya programu ya seva yenyewe, makundi kumi na tano, yote ya Kiingereza. Lakini nilikuwa na programu kwa maandishi yake, na hapo ndipo raha ya kuwa na mashine yako inapoanza. Niliyafuta, nikaweka kwa, juu ya, chini ya, ndani ya, nyuma ya, kando ya, kama, na mengine, nikaikusanya upya. Bahati njema, hifadhidata hukumbuka namba ya kihusishi wala haikumbuki neno lenyewe, kwa hiyo vitendo vya zamani havikuvunjika. Kwa mezani nilipita njia ya mkato: kila kitu kinachoweza kubeba kitu kingine kina jina la pili lenye -ni. Kwa mpe niliandika kitendo kinachojaribu kukata jina la mtu kwanza, kisha kinachobaki ndicho kitu. Si njia ya kitaalamu sana. Inafanya kazi.

Kisha jinsia. LambdaMOO ulikuwa maarufu kwa orodha yake ya jinsia: mchezaji angeweza kuchagua ya kiume, ya kike, isiyo na jinsia, ya wingi, ya kifalme, na hata ile iitwayo Spivak, kwa jina la mwanahisabati Michael Spivak aliyetumia viwakilishi visivyobagua katika kitabu chake kuhusu uchapaji. Kulikuwa na makala nzima nzima kuhusu maana ya uhuru huo. Nilipofika kwenye sehemu hiyo ya hifadhidata nilicheka peke yangu. Yeye ni yeye. Nikafuta yote kwa mkupuo mmoja, na mahali pake nikaweka sifa inayoitwa ngeli, kwa sababu mashine ikitaka kusema kitu kipo hapa lazima ijue kama ni yupo, kipo, ipo, lipo au upo. Kiti kipo hapa. Barua ipo hapa. Asha yupo hapa. Watu wa California walihitaji orodha ndefu kwa ajili ya wanadamu; sisi tuliihitaji kwa ajili ya viti na mawe.

Jambo moja zaidi la lugha, kisha niendelee. Toleo nililonalo hukubali herufi za kawaida za Kiingereza tu. Herufi yenye alama juu yake hutupwa kimya kimya. Mfaransa angelia. Kiswahili kinapita chote, na ng'ombe na alama yake ya mkato.

Mwenye mamlaka yote ndani ya mchezo kule California aliitwa mchawi. Nililitafsiri hivyo hivyo mwanzoni, na siku ya kwanza tu mwalimu mmoja mstaafu, mama tunayemheshimu sote, akagoma mlangoni. "Baba," aliniambia, "mimi siingii nyumba ambayo mwenyewe anajitangaza mchawi." Tukajadiliana, tukaafikiana tumwite fundi. Hapa pwani fundi ni neno pana. Linamtosha anayetengeneza redio na linamtosha anayetengeneza mambo mengine.

Fundi wa LambdaMOO alikuwa Curtis mwenyewe, akitumia jina la Haakon. Desemba 1992, akiwa amechoka kuamulia watu ugomvi, aliwaandikia wakazi kwamba tangu siku hiyo mafundi watakuwa watunzaji wa mitambo tu. Masuala ya nani kamtukana nani wakayamalize wenyewe. Ukiisoma habari hiyo leo unaona nia njema, na unaona pia mwenye nyumba anayetoka sebuleni akiwaachia wageni kisu na kuku.

Miezi michache baadaye, mwaka 1993, mchezaji mmoja aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni na kifaa alichokitengeneza, mwanasesere wa kichawi, ambacho kiliandika vitendo kwa majina ya wachezaji wengine. Wenye majina hawakuandika neno. Wasomaji wote waliokuwepo waliona kwenye skrini zao wanawake wakifanyiwa na kujifanyia mambo ya unyama, sentensi baada ya sentensi. Julian Dibbell aliisimulia kadhia hiyo katika gazeti la Village Voice Desemba mwaka huo, na makala yake bado inasomwa vyuoni. Wanasheria huiendea kutafuta kosa. Mimi nadhani msomaji wa fasihi anaona jambo lililo wazi zaidi: mtu alinyang'anywa usimulizi wa nafsi yake. Katika ulimwengu wa maneno, yule anayeandika kwa jina lako amekushika mwili.

Wakazi walikutana wakajadili kwa saa nyingi, wala hawakufikia uamuzi. Usiku huo fundi mmoja akaamua peke yake, akamfuta Mr. Bungle. Curtis aliporudi kutoka safari alianzisha utaratibu wa maombi na kura, ambao wakazi wangeutumia kuwaagiza mafundi. Ulikwenda kwa kelele na makundi hadi mwaka 1996, mafundi walipotangaza kwamba wanarudi kuamua. Walisema, kwa maana, kwamba kazi ya mitambo isiyogusa mambo ya watu haikuwahi kuwepo. Baadhi ya wakazi waliona ni mapinduzi. Mimi naona ni ukweli uliochelewa: anayeshika swichi ameshaamua, hata akikaa kimya.

Haya niliyajua kwa kusoma. Mwaka jana yakaja sebuleni kwangu.

Katika kikundi chetu kuna kijana wa Pangani. Chumba alichokijenga kilikuwa bora kuliko vyote: baraza ya nyumba ya bibi yake, ng'ambo ya mto, ikiwa na mbao za mlango zilizoliwa na chumvi, mkeka, jiko la mkaa, na sauti ya kivuko. Kila aliyeingia alikaa. Taratibu watu wakaanza kuacha vitu. Mmoja alitundika shairi. Mwingine akaacha kisa cha baharini. Na mwalimu mstaafu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anasoma tu bila kuandika, aliacha barua tisa kwa marehemu mumewe, moja kila wiki, chini ya mkeka. Ulipaswa kuandika tazama chini ya mkeka ndipo uzione. Hakumwambia mtu. Tuliziona wenyewe.

Kisha bibi akafariki, na ndugu wakaanza kuvutana juu ya nyumba yenyewe, ile ya kweli, yenye hati na mashahidi. Mmoja wa binamu alikuwa amewahi kuingia kwenye mchezo kwa siku mbili. Akaanza kunukuu maelezo ya kijana kwenye vikao vya ukoo: umeandika "baraza yetu", nani alikuambia ni yenu? Kijana akanipigia simu usiku. "Kaka, kiondoe. Chumba chote. Wewe si ndiye mwenye mashine?"

Ninayo amri hiyo. Ni neno moja na namba ya chumba. Nieleze kinachotokea: chumba kikifutwa, vitu vilivyomo havifi. Seva inavihamishia mahali penye namba hasi moja, ambapo maana yake ni kwamba havipo popote. Barua tisa zingeendelea kuwepo, zikiwa mali halali ya mwalimu, bila mahali pa kuzisomea. Angeweza kuzihamishia kwingine, bila shaka. Nilipompigia kumwuliza alisema, "Mwanangu, barua zile nilizificha chini ya mkeka wa watu kwa sababu ni mkeka wa watu. Ukiniwekea kwenye chumba changu zitakuwa shajara." Hakukasirika. Aliongeza tu kwamba nyumba ni ya kijana na kauli ni yake.

Kwa kanuni za hifadhidata, alikuwa sahihi: chumba kina mwenyewe mmoja. Kwa kanuni za wasomaji, baraza ile ilikuwa imeshakuwa ya watu saba. Sikutaka kupiga kura. Kura saba kati ya watu wanaokunywa chai pamoja ni njia ya kutafuta adui. Sikutaka pia kujifanya fundi wa mitambo tu, nimeshasoma hilo lilimfikisha wapi Haakon. Nikamwambia kijana ukweli kuhusu barua, kwamba chini ya maneno yake kuna maneno ya mama wa watu, nikamwomba aje nyumbani Jumamosi kabla sijagusa kitu.

Alikuja. Alizisoma zote tisa akiwa ameinamia kioo, hakusema kitu kwa muda mrefu. Alichoamua ni hiki: chumba kibaki na namba yake na mkeka wake, lakini maelezo yafutwe, na jina libadilishwe kuwa Mahali. Akayafuta mwenyewe. Ukiingia humo sasa, seva inakupa sentensi ambayo huitoa kwa kitu chochote kisichoelezwa, tuliyoitafsiri kuwa Huoni cha ajabu. Halafu mkeka. Mwalimu ameshaongeza barua mbili.

Akauliza, na nakala je? Nilikuwa nimehifadhi nakala kumi na moja za hifadhidata kwenye flashi, za kila mwezi, na katika kila moja baraza ya bibi ilikuwa nzima, na chumvi kwenye mbao. Kuzifuta nakala kungefuta pia rasimu za wengine. Lakini hifadhidata ya LambdaMOO ni faili la maandishi ya kawaida, mtu anaweza kulifungua na kulisoma kwa macho. Nikamwonyesha jinsi ya kutafuta namba ya chumba, na mistari ipi asiiguse ili faili lisivunjike. Kisha nikampisha kiti. Alikwenda faili kwa faili, akisoma kila maelezo hadi mwisho kabla ya kuyaondoa. Yalikuwa yanatofautiana kidogo, alikuwa akiyarekebisha kila mwezi. La tano lilikuwa na sentensi kuhusu taa ya kibatari ambayo hakukumbuka kuiandika, akaniomba karatasi, akainakili kwa kalamu. Tulimaliza la kumi na moja saa nne na nusu usiku, nikamsindikiza hadi barabarani kutafuta bodaboda.